Nguvu ya pipe za chuma: dai cheti

Fundi, umeuliza wapi utapata takwimu za kuaminika za nguvu ya pipe za mraba. Anza na kiwango chenyewe. Kwa zile zinazokunjwa bila kupashwa moto ni EN 10219, kiwango cha Ulaya. Humo, daraja la chuma S235JRH lenye unene usiozidi milimita 16 huhimili angalau megapaskali 235 (yaani newtoni 235 kwa kila milimita ya mraba) kabla ya kubadilika umbo lisirudi tena, na daraja la S355J2H 355. Hicho ni kima cha chini, ndicho cha kupigia hesabu. Kisha mdai muuzaji cheti cha kiwanda aina ya 3.1 cha EN 10204, yaani chenye matokeo ya vipimo vya chuma hicho, ulinganishe namba zake za utambulisho na za kwenye pipe au lebo ya fungu. Hana? Kata kipande, kivutwe maabara hadi kikatike. “S355” iliyoandikwa kwa chaki tu mimi siihesabu.