Muulize Fundi: Amplifaya inavuma

Swali: Fundi, amplifaya ya marehemu baba, ya 1976, inavuma hata nikishusha sauti kabisa. Nibadilishe nini? – Msomaji, Buruburu

Jibu: Pole, mwanangu. Mvumo usiofuata kitufe cha sauti mara nyingi hutoka kwenye zile kapasita kubwa za pawa, yaani vile vikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Majimaji ya ndani hukauka kwa joto na miaka. Pale Luthuli Avenue, Nairobi, nunua zenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) zilezile, volti zilezile au zaidi, zisipungue kamwe. Zinazostahimili joto la nyuzi 105 hudumu kuliko za 85. Ukigeuza hasi na chanya, kapasita inaweza kupasuka.

Kabla ya kugusa, chomoa plagi, ondoa chaji iliyobaki kwenye kapasita kwa rizista (kifaa cha kuzuia mkondo wa umeme), pima kwa mita hadi volti zikaribie sifuri. Usiharakishe! Mimi nilipigwa na mashine iliyochomolewa tangu asubuhi, mkono ukafa ganzi. Zile kapasita bapa za keramiki ziache, hazikauki.