Goti la bibi na mwanafunzi wa udaktari

Shikamoo daktari. Nasomea udaktari, niko likizo Malindi. Kila bibi mtaani ananionyesha goti. Nawaambia wakapige eksirei. Nakosea?

Marahaba, mwanangu. Kwa wengi wao picha haihitajiki. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uko wazi: mtu wa miaka 45 kwenda juu, goti likimuuma akilitumia, na asubuhi halikakamai au linalegea ndani ya nusu saa, hiyo ni ostioathraitisi ya goti, yaani ugonjwa wa kulika kwa kiungo. Picha yaweza kuonyesha gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika vibaya na mwenyewe anatembea vizuri, au kinyume chake. Ila goti likivimba ghafla, likawa la moto, na ana homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachoniuma ni kusikia wanafunzi wakisema, "Ni uzee tu, bibi, pumzika." Akipumzika, misuli ya paja inanywea na goti linabaki bila wa kulishika. Mazoezi ndiyo tiba ya kwanza, tena kwa umri wowote. Mtazame akiinuka kitini: akijisukuma kwa mikono yote miwili, umeshaona pa kuanzia. Aketi, anyooshe mguu mbele, auzuie kidogo, aushushe polepole. Kisha afanye mazoezi ya kuinuka na kuketi. Mwambie mapema kwamba maumivu kidogo mwanzoni hayamaanishi anajiharibu, la sivyo ataacha.

Mama yuko Lamu, chumba chake ni ghorofani na ngazi ni za mawe, ndefu. Tumhamishie chini?

Msifanye haraka. Akipanda, atangulize mguu mzima. Akishuka, atangulize ule mbovu. Bakora aishike mkono wa upande wa goti zima. Wengi hukosea hapo. Wekeni cha kushikilia ukutani. Na sijida ikimshinda, aswali kitini, dini imemruhusu.

Baba anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku, ananunua duka la dawa.

Mpelekeni kwa daktari wiki hii. Vidonge hivyo huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, na mzee yuko hatarini zaidi. Muulizeni daktari kuhusu ile ya kupaka gotini; ndiyo ya kuanzia.

Mimi ni mnene. Nikipungua kidogo tu, goti litahisi?

Litahisi. Kila kilo unayopunguza huondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.