6-4-3 si namba ya simu: kusoma herufi za walinzi kwenye besiboli

Ubao wa besiboli huishia na herufi tatu: R, H na E. Mbili za kwanza watu huzizoea upesi. R ni pointi, na H ni hiti, yaani mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji kwenye besi, kile kituo anachokimbilia, bila mlinzi kulaumiwa. E ndiyo huleta maswali. E ni kosa la mlinzi, na mtu akishauliza ni kosa gani na ni la nani, hapo ndipo huanza kukutana na PO, A, DP, PB, FPCT na jamaa zao wote.

Mimi hufuatilia mchezo huu usiku kwenye simu, na Jumamosi huwasaidia vijana wanaocheza softiboli kwenye uwanja wa shule moja huku Eastlands. Upande wa ulinzi, softiboli na besiboli huandikwa karibu sawa, kwa hivyo ninayoyaandika hapa yatakufaa kotekote.

Kama unaanza leo, ziache herufi kwanza. Anza na namba za nafasi, kwa sababu herufi zote zimejengwa juu yake. Mrushaji ni 1. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ni 2. Mlinzi wa besi ya kwanza ni 3, wa besi ya pili 4, wa besi ya tatu 5. Shotistopu, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, ni 6. Halafu wale watatu wa mbali: kushoto 7, katikati 8, kulia 9, ukihesabu kwa macho ya mpigaji anayewatazama.

Waliokulia kwenye soka hukwama hapa, maana wanazitafuta namba hizi mgongoni. Hazina uhusiano wowote na jezi. Ozzie Smith, shotistopu aliyeshinda Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara 13 mfululizo kuanzia 1980, alivaa jezi namba 1 pale St. Louis, lakini kwenye daftari la alama alikuwa 6 kila alipoingia uwanjani. Na 9 wa besiboli si mfungaji wenu wa Gor au Ingwe. Ni mtu aliyesimama mbali upande wa kulia akingoja mpira ambao huenda usije kwa nusu saa.

Sasa chukua 6-4-3. Mkimbiaji yuko besi ya kwanza, mpigaji anapiga mpira unaobiringika chini kuelekea kwa shotistopu. Shotistopu anauokota na kumrushia mlinzi wa besi ya pili, ambaye anaikanyaga besi na kumtoa yule mkimbiaji, kisha anageuka na kurusha besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Auti mbili kwa mpira mmoja. Namba zile tatu ni njia uliyopita mpira, basi. Kwa hiyo ukiona 5-3, unajua mlinzi wa besi ya tatu aliokota na kurusha besi ya kwanza. Ukiona F8, mpira ulipaa na kudakwa na mlinzi wa katikati. Ukiona 3U, yule wa besi ya kwanza aliokota mwenyewe na kukanyaga besi mwenyewe, bila kusaidiwa.

Ukishaona njia ya mpira, herufi zinakaa mahali pake zenyewe. Aliyekamilisha auti hupewa PO. Aliyeugusa au kuurusha mpira kabla ya hapo na kusaidia auti ipatikane hupewa A. Wapenzi wa soka waifikirie kama asisti. Katika ile 6-4-3, shotistopu anapata A moja. Mlinzi wa besi ya pili anapata PO kwa auti ya kwanza na A kwa ya pili. Mlinzi wa besi ya kwanza anapata PO. Wote watatu wanaandikiwa DP moja, yaani auti mbili kwa mpira mmoja. Hapo umeshasoma karibu nusu ya jedwali la ulinzi.

Kuna mambo mawili kuhusu PO ambayo ningependa uyajue mapema, kwa sababu jedwali halitakueleza. Mpigaji anapotolewa kwa straiki tatu, PO inakwenda kwa mdakaji aliyeushika mpira, na mrushaji hapati hata A, ingawa kazi yote aliifanya yeye. Pili, mlinzi wa besi ya kwanza huwa na PO nyingi mno kwa sababu mipira mingi inayobiringika huishia kwenye glavu yake. Ukimlinganisha na shotistopu kwa PO utadhani yeye ndiye mlinzi bora zaidi uwanjani, wakati pengine amewekwa pale kwa sababu ni mrefu na miguu yake ni mizito. Linganisha 3 na 3, 6 na 6.

Sasa tuingie kwenye E, na hapa nitakaa kidogo.

Kosa haliamuliwi na mwamuzi wa uwanjani. Linaamuliwa na mwandishi rasmi wa alama, anayekaa kando na kujiuliza swali moja: je, mlinzi wa kawaida, kwa juhudi za kawaida, angeupata mpira huu? Kama ndiyo na aliuchezea vibaya, anaandikiwa E pamoja na namba ya nafasi yake. E6 ni kosa la shotistopu. E2 mara nyingi ni mdakaji aliyerusha mpira ukapita besi na kuishia mbali. Si lazima mlinzi auguse mpira. Ukimpita katikati ya miguu, ni lake. Lakini akichelewa kuuokota kwa sababu ni mzito, bila kuuangusha wala kurusha vibaya, hakuna E. Walinzi wawili wakitazamana kila mmoja akidhani mwenzake ataudaka, mpira ukaanguka katikati yao, mara nyingi huandikwa hiti. Watu huudhika sana wakisikia hilo, na mimi nawaelewa, ila ndivyo ilivyo: kukosea kwa akili si E.

Uwanja wetu ni wa murram. Baada ya mvua za Aprili hukauka ukawa na mashimo, na vijiwe havikosi. Jumamosi moja mpira ulibiringika vizuri kuelekea kwa shotistopu wetu, msichana mwenye mikono mizuri kuliko wenzake wote, ukagonga kijiwe na kumruka begani. Mpigaji akafika besi ya kwanza. Mchezo ulipokwisha alikuja moja kwa moja kuangalia daftari.

"Kocha, umeniandikia E?"

"Sijakuandikia. Ni hiti."

"Lakini ulikuja kwangu."

"Ulikuja kwako, kisha jiwe likauchukua. Sheria inasema mpira ukidunda isivyo kawaida, mlinzi halaumiwi."

Hakuridhika. Nadhani angependelea E kuliko kumpa hiti yule mpigaji, aliyekuwa akimchokoza asubuhi nzima. Lakini sheria hiyo ni ya zamani na imewahi kuamua mambo makubwa. Mwaka 1924, katika mechi ya saba ya World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani, iningi (kipindi ambacho kila timu hupiga zamu moja) ya 12, Earl McNeely wa Washington alipiga mpira uliodunda na kuruka juu ya kichwa cha Freddie Lindstrom, mlinzi wa besi ya tatu wa New York Giants. Pointi ikaingia, na Washington wakatwaa ubingwa. Lindstrom hakuandikiwa E. McNeely alipewa hiti.

E hubadilisha pia hesabu za mrushaji. Pointi iliyoingia kwa sababu ya kosa la ulinzi haihesabiwi katika ERA yake, kile kipimo cha pointi anazoruhusu kwa kila iningi tisa. Ndiyo maana utamwona mrushaji ameruhusu R nne huku ER, zile pointi zinazohesabiwa kwake, ikiwa moja tu. Usidhani jedwali limekosewa. Tazama safu ya E ya wenzake.

Halafu kuna makosa yasiyoitwa makosa. Mrusho ukiwa mbovu kiasi kwamba mdakaji hawezi kuuzuia na wakimbiaji wakasogea, unaandikwa WP, na ni mzigo wa mrushaji. Ukiwa mrusho wa kushikika na mdakaji akauachia, ni PB, mzigo wa mdakaji. Hakuna kati ya hizo mbili inayoingia kwenye E. Mfano bora ninaoujua ni wa tarehe 25 Oktoba 1986, mechi ya sita ya World Series kati ya Boston Red Sox na New York Mets. Iningi ya 10, Boston wakiongoza 5-3, auti mbili tayari. Mets wakapata hiti tatu mfululizo, ikawa 5-4. Bob Stanley akaingia kurusha, mrusho wake mmoja ukampita mdakaji Rich Gedman, na mkimbiaji wa besi ya tatu akaingia: 5-5. Ikaandikwa WP, ingawa wapo wanaoshikilia hadi leo kuwa ilistahili kuwa PB. Baada ya hapo ndipo Mookie Wilson alipopiga mpira ule mwepesi uliopita katikati ya miguu ya Bill Buckner, mlinzi wa besi ya kwanza, na Mets wakashinda 6-5. E3. Buckner alibeba lawama hiyo miaka na miaka. Pointi ya kusawazisha haikuwa na E yoyote, na bado kulikuwa na mechi ya saba, ambayo Boston walipoteza pia. Ukisoma safu ya E peke yake utakuta hadithi ya mtu mmoja. Ukisoma daftari zima utawakuta watatu au wanne.

Kwa wapenzi wa kriketi, nao Nairobi hawakosekani, tofauti iko hapa. Siku Kenya ilipoichapa Sri Lanka pale Gymkhana, Februari 2003, kadi ya alama ilionyesha wiketi tano za Collins Obuya na nani alidaka mpira gani. Kadi ya kriketi haina safu ya mpira ulioponyoka mikononi. Besiboli inayo, na inaitundika ubaoni ikiwaka taa.

Sasa FPCT, namba ambayo ningekusihi uitilie shaka. Jumlisha PO, A na E upate TC, yaani nafasi zote alizopata mlinzi. Chukua PO na A, gawanya kwa TC. Mlinzi mwenye PO 200, A 400 na E 10 ana TC 610 na FPCT ya .984. Huandikwa bila sifuri mbele. Omar Vizquel alimaliza maisha yake ya shotistopu akiwa na .985, na Steve Garvey alicheza msimu mzima wa 1984 kwenye besi ya kwanza bila E hata moja: 1.000.

Tatizo ni kwamba huwezi kukosea mpira usioufikia. Mlinzi asiyetoka pale aliposimama atakuwa na E chache na FPCT safi, na mipira inayompita itaandikwa hiti. Yule mwenye mbio, anayeifikia mipira ambayo wengine huiaga kwa macho, ataangusha michache na kuandikiwa E. Nawaambia vijana wetu waikimbilie mipira hiyo, na daftari niachieni mimi.

Kwa sababu hiyo wachambuzi walitafuta vipimo vingine. Bill James alileta kile cha kujumlisha PO na A, kuzidisha kwa tisa na kugawanya kwa iningi alizocheza mtu, kuonyesha anahusika katika auti ngapi kwa mechi. Baadaye zikaja UZR na DRS, zinazokadiria pointi ambazo mlinzi ameokoa au amepoteza, na OAA, inayotegemea vifaa vya kufuatilia mpira na wachezaji vilivyowekwa katika viwanja vyote vya ligi kuu tangu 2015. Sifuri ni wastani, juu ya sifuri ni vizuri. Derek Jeter alishinda Gold Glove tano, huku DRS ikimweka chini ya wastani misimu mingi. Hapo watu hugombana, na mimi nipo upande wa DRS. Lakini usianzie huko. Mtu asiyejua 6-4-3 hana haja ya OAA bado.

Machache ya kuangalia usije ukachanganyikiwa. RF ni mlinzi wa kulia, lakini kwenye jedwali la takwimu ni kile kipimo cha James. Tazama kama imekaa kando ya jina au juu ya safu. SB ni besi ya kuibwa, yaani mkimbiaji amesogea bila mpira kupigwa: kwa mkimbiaji ni sifa, kwa mdakaji ni besi alizoibiwa. CS ni wezi aliowakamata. FC ni pale mlinzi alipochagua kumtoa mkimbiaji mwingine badala ya mpigaji, si hiti wala si E. Na iningi 8.1 si nane na sehemu ya kumi: ni nane na theluthi moja, yaani auti moja zaidi. 8.2 ni auti mbili. Hakuna 8.3.

Kisha nunua daftari la mraba na uandike mechi moja kwa mkono, mwanzo hadi mwisho. Chagua za mchana wa Marekani: ikianza saa saba mchana New York wakati wa msimu, hapa ni saa mbili usiku, na unaweza kufika iningi ya tisa kabla ya kulala. Zile za World Series huanza kama saa tisa usiku wetu. Kwa hizo, soma jedwali asubuhi ukiwa kwenye matatu.