Mlumbi: jibu la swali lako kuhusu ngao ya mzee

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Mnamchongea ngao mzee anayewasemea ukoo kwenye posa, nafasi ni ya maneno matatu tu, na mmebishana kama aitwe msemaji, mhutubu au mlumbi. Tena unauliza hilo neno la mwisho limetoka wapi. Andikeni mlumbi, na nitakueleza kwa nini.

Mzizi wake ni kitenzi lumba, yaani kusema mbele ya watu kwa maneno yaliyopangwa yakapangika. Watonga wa Zambia wakishukuru husema twalumba, na kwa Wabemba kulumbanya ni kusifu. Umbo na maana viko jirani kabisa na vyetu. Sisi tukaweka m- ya mtu mwanzoni na -i ya mtenda mwishoni. Hapo pana jambo la kutazama kwa makini, kwa sababu hiyo -i huwa inabadilisha konsonanti iliyo mbele yake: pika hutoa mpishi, linda hutoa mlinzi, na gomba, lenye mb kama lumba, hutoa mgomvi. Kwa kanuni hiyo tungetarajia "mlumvi". Lakini b imebaki palepale, na mlumbi ndiyo sahihi. Atakayekusahihisha kwa kukutolea mfano wa mgomvi, mwambie hivyo.

Lumba likiongezwa -ana hupatikana lumbana, na kutoka hapo malumbano: walumbi wawili wakijibizana hoja kwa hoja, au beti kwa beti kama washairi wa Mombasa na Lamu enzi za Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840. Siku hizi vichwa vya habari vimeligeuza malumbano kuwa ugomvi, na mimi naumia nikiliona. Mlumbi humwacha mwenzake amalize, kisha hulichukua neno lilelile aliloambiwa akaligeuza upande wa pili. Anayepayuka huyo anagomba, halumbi.

Msemaji, kwa ile -aji ya mazoea, ni mtu ambaye kusema ndiyo kazi yake. Leo neno hilo limekuwa cheo: msemaji wa serikali anaweza kusoma taarifa iliyoandikwa na mwingine na akabaki msemaji. Mhutubu ana haki zaidi ya ngao yenu. Hotuba ni khutba ya Kiarabu, ile ambayo hatibu huitoa mimbarini siku ya Ijumaa, sehemu mbili na kikao kifupi katikati. Na mzizi huohuo ndio uliozaa khitba, yaani posa. Ila hotuba inakubali karatasi. Posa haikubali. Mzee akianza, "Tumeona ua limechanua uani kwenu," upande wa pili ukamjibu, "Ua hilo limeshamwagiliwa na mwingine," ni lazima ajibu palepale, bila kukwaruza mtu na bila kuipoteza posa. Huo ndio ulumbi.

Umegusia pia ufasaha. Mzizi wake wa Kiarabu, wanaoujua hueleza kwa mfano wa maziwa: povu likishaondoka, yanabaki maziwa matupu. Basi fasaha ni kilichotakata. Wengi hukosea hapa, wakadhani ufasaha ni kuokota maneno mazito kamusini na kuyarundika. Huko ni kulirudisha povu. Balagha, yaani ufundi wa kusema, nayo inatokana na kufika, mzizi uleule wa balehe: aliyebalehe amefika umri, na maneno yenye balagha yamemfika msikilizaji. Mlumbi anahitaji vyote viwili, maneno yaliyotakata na yanayofika. Ndiyo maana methali tatu mfululizo huharibu mambo hata kama kila moja ni nzuri. Msikilizaji akiwa bado anaifumbua ya kwanza, ya pili inampita, na ya tatu anaisikia kama kelele. Inatolewa moja, unanyamaza kidogo, inazama, ndipo unasema ulichojia.

Tahadhari moja. Katika isimujamii, yaani elimu ya lugha na jamii, mlumbi hutumika pia kwa mtu anayemudu lugha nyingi. Mkiandika Mlumbi peke yake, msomaji mwingine atauliza mzee anajua lugha ngapi. Mkiandika Mlumbi wa Ukoo, maana inasimama, na maneno ni matatu kama nafasi ilivyo.

Fundi wa kuchonga usimtajie neno kwa simu. Mwandikie, kwa maana wapo wanaochanganya l na r, na herufi ikishachongwa haifutiki. Na mkiamua kumuunganisha na yule mzee mwingine wa upande wa mama yako, iwe Walumbi wa Ukoo.

Wasalaam,
Baba yako