Maswali na majibu: gari linalotazama njia kwa kamera

Forester niliyoagiza Japani ina kamera mbili juu ya kioo cha mbele. Moja haitoshi?

Kuona inatosha, kupima umbali ndiko kugumu. Huo ni mfumo wa EyeSight, ambao Subaru waliuanza Japani mwaka 2008. Nyoosha kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha jingine: kidole kinahama. Kikisogea mbali, kinahama kidogo. Kompyuta inapima kuhama huko na kupata umbali. Tatizo ni kwamba umbali ukizidi mara mbili, kosa la kipimo huzidi mara nne, na ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde.

Kokoto imepasua kioo. Fundi wa mtaani ataweza kukibadilisha?

Kukibadilisha, ndiyo. Mwulize kama ana vifaa vya kulenga kamera upya, maana zikipinda kidogo tu hesabu inaharibika. Na stika ya Nenda kwa Usalama isikae mbele ya kamera.

Tesla waliacha rada, ile inayopima umbali kwa mawimbi ya redio, wakabaki na kamera. Walikosea?

Walianza Mei 2021, kwa Model 3 na Model Y za Amerika Kaskazini. Binafsi naona walikimbilia. Waymo, ambao magari yao hubeba abiria bila dereva, wana kamera, rada na laida, ile inayopima kwa miale ya leza. Lakini msiipambe rada mno: Mei 2016 huko Williston, Florida, Tesla yenye kamera na rada iliingia chini ya trela na dereva akafa. Kampuni ilisema ubavu mweupe wa trela ulipotelea kwenye anga lenye mwanga mkali.

Ng'ombe wakivuka ghafla, gari litafunga breki?

Usilitegemee. Mwaka 2017 Volvo walikiri kwamba kangaruu wa Australia waliuchanganya mfumo wao, uliozoeshwa kulungu wakubwa wa Sweden. Ulipima umbali kwa kutazama mnyama amegusa ardhi wapi. Kangaruu akiwa hewani alionekana yuko mbali, akitua ghafla yuko karibu. Ng'ombe harukiruki, sawa, ila ndama mweusi saa mbili usiku, mvua inanyesha na wipa zimechoka, kamera itamwona umechelewa. Ukiona mchungaji kando ya lami, ondoa mguu kwenye mafuta.