Thibitisha kulia na kushoto kabla ya kuiwasha programu

Ndugu yangu, usianze bado. Umeandika kwamba utachora mpaka wa tezi dume kwenye picha za MRI na kwenye slaidi za patholojia (vipande vyembamba vya tezi iliyotolewa, vilivyobandikwa kwenye kioo), kisha uiachie programu izungushe slaidi hadi mipaka ilaliane, ili saratani inayoonekana kwenye slaidi iwekwe mahali pake kwenye MRI na kompyuta ifundishwe kuitambua, na unauliza ni programu gani inayofaa na kompyuta iwe na uwezo gani. Njia hiyo hiyo ilinipotezea miezi minne hapa Kigoma.

Tezi dume ikikatwa kwa upana, nusu yake ya kulia na ya kushoto hukaribia kufanana. Kwa hiyo kipande cha tishu kilichopinduliwa wakati wa kubandikwa kwenye kioo huingia ndani ya mpaka wa MRI bila shida yoyote, na kipimo cha kulaliana hupanda vilevile. Changu kilipita 0.9, ambapo 1 ni kulaliana kikamilifu, nikafurahi. Nilipokuja kusoma ripoti za patholojia, ambazo nilipaswa kuzisoma siku ya kwanza, niliona kwamba kwa wagonjwa kadhaa saratani iliyoandikwa kuwa upande wa kulia mimi nilikuwa nimeiweka kushoto, na kompyuta nilikuwa nimeifundisha kuita tishu salama saratani. Kumbuka pia kwamba MRI huonyeshwa kana kwamba unamtazama mgonjwa kutoka miguuni, kulia kwake kukiwa kushoto kwako.

Aliyetufundisha kwa njia ya mtandao alisema kwamba mpaka ukikaa, kazi imekwisha. Hasira yangu kwake haijaisha, kwani hakututajia hata mara moja kwamba maabara hupaka tezi wino wa rangi tofauti kabla ya kuikata, na hufanya hivyo ili pande zisipotee.

Basi tafuta wino huo ukingoni mwa kila slaidi, uusome pamoja na ripoti, kisha utafute alama ya ndani inayoonekana kwenye picha zote mbili, kama vile uvimbe maji mdogo au kinundu kilichokaa upande mmoja. Mrija wa mkojo hautakusaidia hapo, kwa kuwa uko katikati. Kusinyaa kwa tishu ndani ya fomalini, yaani dawa ya kuihifadhi, na mkato usiolingana na ulalo wa MRI, ni matatizo ya kweli, lakini programu haiwezi kuyatatua ikiwa imepewa upande usio sahihi. Slaidi isiyo na wino wala alama ya ndani niliiweka kando, hata pale mpaka wake ulipokaa vizuri kuliko zote.