Waya wa kufungia umeme nyumbani unatosha kwa antena ya mita 40

Ndugu, umeuliza kama waya uliobaki baada ya kufunga umeme nyumbani unafaa kwa antena ya redio ya ridhaa ya bendi ya mita 40 (masafa ya karibu megahezi 7), na una mwembe mmoja tu uani. Unafaa, na huo mwembe ni neema.

Kupata urefu wa waya wote kwa mita, gawanya 142.5 kwa megahezi za masafa unayotaka. Kwa 7.1 unapata mita 20, yaani mita 10 kila upande. Wewe kata mita 10.5 kila upande, kwa sababu waya uliopunguzwa mno haurefuki tena. Kitovu, yaani pale pande mbili zinapokutana, kipandishe mwembeni pamoja na kebo ya koaksia ya omu 50, ncha zishuke pande mbili kama V iliyopinduliwa, zivutwe kwa kamba ya nailoni. Ziwe juu kuliko mkono wa mtoto, maana unapotuma, volteji ya nchani huunguza. Pima SWR (kipimo cha jinsi antena inavyoafikiana na kebo; 1 ndiyo bora), punguza sentimita chache pande zote sawa, pima tena. Ikifika chini ya 1.5, acha.

Nakusihi, usirushe kamba karibu na nyaya za umeme za mtaani. Mawingu ya radi yakianza kukusanyika, chomoa kebo mapema. Na kama uko Tanzania, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwanza, kutuma baadaye.